Nusu saa ya kupanga ruta yaokoa mtaji

WAFANYABIASHARA wadogo wanaoendesha sehemu ya shughuli zao wakiwa nyumbani wanashauriwa kuitazama ruta ya intaneti kama wanavyoitazama kufuli ya duka, yaani kifaa cha bei ndogo kinacholinda mali ya bei kubwa. Wengi hutumia siku kadhaa kulinganisha bei za vifurushi, lakini ruta yenyewe ikishafika huachiwa fundi aifunge kwa dakika 10. Taa zikiwaka, kazi imekwisha. Mipangilio iliyotoka nayo kiwandani hubaki hivyo hivyo kwa miaka.

Uzembe huo una gharama. Mwenye duka la vitenge Kariakoo ambaye jioni, akiwa kwake Tabata au Mbagala, huagiza mzigo kutoka Guangzhou, hulipa kwa njia ya benki, hutuma ankara kwa wateja wa mikoani na kuangalia bei za hisa, anapitisha kazi hizo zote ndani ya kiboksi kimoja kilicho juu ya kabati la televisheni. Mtu mwingine akikitawala kiboksi hicho, anaweza kuamua mwenye duka apelekwe kwenye ukurasa upi wa benki.

Hali hii ni ya miaka ya karibuni. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Afrika Mashariki Julai 2009, na ule wa EASSy kufuata mwaka 2010, intaneti ya nje ilitegemea zaidi setilaiti, na bei yake ilikuwa ya makampuni makubwa na mahoteli. Leo huduma hiyo imeingia majumbani, na pamoja nayo imeingia biashara ya ruta mpya, za mkopo na za mtumba.

Bidhaa zilizoko sokoni

Mnunuzi hukutana na aina tatu. Ya kwanza ni ruta ya faiba, inayopokea waya mwembamba wa kioo unaoletwa hadi nyumbani. Mara nyingi hutolewa na kampuni ya huduma, na hubaki mali ya kampuni hata kama mteja ameambiwa kuwa ni ya bure. Ya pili ni ruta ya laini, inayotumia kadi ya simu ya 4G au 5G. Faida yake ni kuhamishika, lakini baadhi zimefungwa zifanye kazi na mtandao mmoja tu. Ya tatu ni ya mtumba, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea.

Ruta nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa ajili ya laini za simu za shaba, mfumo uitwao ADSL. Hutambulika kwa tundu dogo la waya wa simu ya mezani. Kama tundu hilo ndilo pekee la kupokelea intaneti, kifaa hicho hakiwezi kupokea faiba wala kadi ya simu, hata kikiwa kipya machoni na bei yake ikavutia. Anayenunua kwa ajili ya kuuza tena anapaswa kukigeuza nyuma na kuhesabu matundu kabla ya kutoa fedha.

Jambo jingine la kutazama ni kibandiko kilicho chini ya kifaa. Kikionyesha neno la siri refu, lenye mchanganyiko wa herufi na tarakimu, hiyo ni dalili kuwa kila ruta imepewa neno lake. Kikionyesha "admin" kwa jina na "admin" kwa neno la siri, basi yeyote mwenye ruta ya aina hiyo anajua ufunguo wa nyingine zote. Jimbo la California nchini Marekani liliweka sheria dhidi ya utaratibu huo kuanzia Januari 1, 2020. Uingereza nayo ilifuata, na sheria yake ilianza kutumika Aprili 29, 2024. Hata hivyo, bidhaa za zamani bado zinazunguka katika masoko ya dunia, na mtumba hauna tarehe ya mwisho ya kuuzwa.

Megabiti si megabaiti

Kipimo cha kasi ndicho kinachowachanganya wanunuzi wengi. Kifurushi cha "Mbps 20" huhesabiwa kwa megabiti, wakati ukubwa wa picha na mafaili huhesabiwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo Mbps 20 ni sawa na megabaiti 2.5 kwa sekunde, na mkusanyiko wa picha za bidhaa wenye megabaiti 100 utahitaji sekunde 40 kushuka, tena kama hakuna mwingine nyumbani anayetumia.

Kuna pia kasi ya kupokea na kasi ya kutuma. Matangazo mengi hutaja ya kupokea, ambayo aghalabu ndiyo kubwa. Anayetazama filamu hana wasiwasi. Mfanyabiashara anayetuma video za bidhaa kwa wateja 50 kila asubuhi anahitaji kuuliza ile ya pili. Vilevile neno "bila kikomo" lisomwe pamoja na maandishi madogo, kwani baadhi ya vifurushi hupunguzwa kasi baada ya matumizi kufikia kiwango fulani.

Malalamiko kuhusu kasi yapimwe kwanza kwa waya. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, kasi ipimwe, kisha kipimo kirudiwe kwa waifai katika chumba kinacholalamikiwa. Kasi ya waya ikiwa sawa na ya mkataba, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa ndogo kuliko ya mkataba, na ikabaki hivyo kwa saa tofauti za siku, mteja ana hoja ya kupeleka kwa kampuni, na vipimo vilivyoandikwa tarehe na saa ndivyo ushahidi wake.

Funzo la Brazil

Wapo wanaosema kuwa mwizi hawezi kuhangaika na ruta ya mtu mdogo. Yaliyotokea Brazil yanaonyesha vingine. Mwaka 2011 wahalifu waligundua kasoro katika programu ya ndani ya modemu za aina kadhaa, wakaitumia kuingia kutoka mbali katika modemu zipatazo milioni 4.5. Hawakuchagua matajiri. Programu yao ilizunguka yenyewe ikipiga hodi nyumba hadi nyumba, na kila palipofunguka iliingia.

Baada ya kuingia walibadili anwani ya DNS. Huduma hiyo hufanya kazi kama kitabu cha simu. Mtu anapoandika jina la benki yake, ruta huuliza kitabu hicho namba ya kompyuta ya benki hiyo. Wahalifu waliweka vitabu vyao vya uongo, vilivyokaa katika kompyuta 40. Mteja aliandika jina sahihi la benki na kuletewa ukurasa uliofanana na wa benki, lakini namba yake ya siri ikaishia mikononi mwa wezi. Kubadili kompyuta au simu hakukusaidia, kwa kuwa kasoro ilikuwa katika modemu ambayo vifaa vyote vya nyumbani vilipitia. Hadi Machi 2012 modemu zipatazo 300,000 zilikuwa bado hazijasafishwa.

Tukio la pili ni la mwaka 2016. Programu ya uharibifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani zaidi ya 60 kwenye kamera za ulinzi, ruta na vifaa vingine. Vilivyofunguka vikawa jeshi. Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikakatika kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo wengi hawakujua kuwa mali yao ilikuwa ikitumika.

Matukio haya mawili yanatoa mafunzo mawili tofauti. La Mirai ni kwamba neno la siri la kiwandani ni sawa na mlango uliorudishwa bila kufungwa. La Brazil ni kwamba kubadili neno la siri peke yake hakutoshi, maana kufuli yenyewe inaweza kuwa na kasoro, na dawa yake ni toleo jipya la programu ya ndani ya ruta.

Hatua za kupanga

Kazi yote inaweza kufanywa na mtu asiye fundi. Ruta iunganishwe na kompyuta kwa kebo, au na simu kwa waifai, kisha anwani iliyoandikwa chini ya kifaa iandikwe pale inapoandikwa anwani ya ukurasa wa intaneti. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukurasa utakaofunguka uko ndani ya ruta yenyewe, na huonekana hata kama intaneti imekatika.

Hatua ya kwanza ni kubadili maneno mawili ya siri, na si moja. Lipo la waifai, ambalo kila mgeni huliomba, na lipo la msimamizi, linalofungua ukurasa wa mipangilio. Wengi hubadili la kwanza na kulisahau la pili, ilhali la pili ndilo lenye mamlaka. Maneno hayo yasifanane. La waifai liwe na herufi zisizopungua 12. Maneno manne yasiyohusiana hukumbukika kwa urahisi, na ni magumu zaidi kukisiwa kuliko tarehe ya kuzaliwa. Jina la mtandao nalo lisitaje duka wala namba ya nyumba.

Hatua ya pili ni kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Mfumo wa zamani wa WEP ulionekana kuwa dhaifu tangu 2001, na ruta isiyo na zaidi ya huo haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Hatua ya tatu ni kuzima WPS, ule utaratibu wa kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu 8. Kwa haraka huonekana kuwa na mamilioni ya michanganyiko. Desemba 2011 ilitangazwa kwamba ruta hukagua namba hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na hizo nyingine. Hivyo anayejaribu huhitaji majaribio yasiyozidi 11,000, kazi inayoweza kumalizwa na kompyuta iliyo nyumba ya jirani ndani ya saa chache.

Hatua ya nne ni kuzima usimamizi kutoka mbali, ili ukurasa wa mipangilio usifunguke kwa mtu aliye nje ya nyumba. Mwenye ruta ya faiba atakuta kampuni imebakisha njia yake ya kuihudumia, na hilo ni la kawaida.

Hatua ya tano ni kutafuta sehemu iliyoandikwa toleo jipya la programu na kuliruhusu. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea matoleo mapya imezeeka, hata kama inawaka.

Hatua ya sita ni kufungua mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zina nafasi hiyo, yenye jina na neno la siri tofauti. Wateja wanaofuata mzigo nyumbani, watoto wa jirani, televisheni na kamera viwekwe huko. Kompyuta ya hesabu na simu ya benki vibaki kwenye mtandao mkuu. Mgeni akiwa na simu yenye virusi, hatakuwa chumba kimoja na daftari la mwenye nyumba.

Mwisho, mambo yote yaandikwe kwenye daftari na kufungiwa pamoja na hati nyingine: jina la msimamizi, maneno ya siri, anwani za DNS na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno la siri likipotea kabisa, kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta hubonyezwa kwa ncha ya sindano kwa takribani sekunde 10, na kifaa hurudi kama kilivyotoka kiwandani. Lakini hapo kazi yote huanza upya, na wenye faiba huenda wakalazimika kumwita fundi wa kampuni.

Inafaa kuongeza kwamba malipo ya simu kwa njia ya namba za nyota na reli hayapiti kwenye ruta kabisa. Hupita kwenye mtandao wa simu. Programu za benki, za malipo na za hisa ndizo hupita humo zikitumia waifai. Nyingi zina ulinzi wake wa ziada, na ukurasa wa benki ukitoa onyo kwamba cheti chake hakiaminiki, mtumiaji asibonyeze "endelea". Onyo hilo ndilo lililobaki kati yake na ukurasa wa uongo.

Mahali pa kuiweka

Mafundi hupenda kuiacha ruta pale waya ulipoingilia, kwa kawaida pembeni mwa nyumba nyuma ya televisheni. Nusu ya mawimbi huenda uani. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba, juu kuliko meza, mbali na friji, kioo kikubwa na bati. Ukuta wa zege lenye nondo humeza mawimbi kuliko ukuta wa tofali. Mita chache za waya wa ziada zinazoombwa siku ya kufunga ni nafuu kuliko kifaa cha kuongeza mawimbi kitakachonunuliwa baadaye.

Ruta nyingi hutoa bendi mbili. Ya GHz 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, ila ni ya polepole na yenye msongamano mitaa iliyobanana. Ya GHz 5 ni ya kasi, lakini huishia vyumba vya karibu. Kompyuta ya kazi iliyo karibu na ruta iwekwe kwenye 5, kamera ya getini kwenye 2.4. Katika bendi ya 2.4, njia namba 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, hivyo ichaguliwe ile ambayo majirani wameitumia kidogo.

Umeme na akiba

Ruta yenye adapta iliyoandikwa volti 12 na ampea 1 haiwezi kula zaidi ya wati 12. Ikiwashwa usiku na mchana kwa siku 30, hiyo ni chini ya uniti 9 za umeme. Gharama hiyo ni ndogo. Kinachouma ni umeme kukatika katikati ya agizo.

Betri ndogo za ruta sasa zinapatikana kwa wingi, na hapa mnunuzi awe macho. Boksi likiandikwa mAh 8,800, hesabu hiyo kwa kawaida ni ya volti 3.7 za seli zilizo ndani, wakati ruta inataka volti 12. Kwa hesabu sahihi hizo ni wati-saa zipatazo 32. Ruta inayokula wati 10 itadumu takribani saa 3, na si usiku kucha kama muuzaji anavyoahidi. Aidha, volti za betri zilingane na za ruta. Ya volti 9 ikipewa 12 huweza kuungua siku hiyo hiyo, na dhamana haitailipa.

Akiba ya pili ni laini ya simu yenye kifurushi kidogo cha data. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani walikosa intaneti au walibaki na ya kusuasua. Siku ya namna hiyo ruta bora haiwezi kuleta kisichokuwepo. Lakini kampuni mbili tofauti si lazima zitegemee mkongo mmoja, na aliyekuwa na laini ya pili ana nafasi ya kumalizia kazi yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Anayekaribia kusaini mkataba aulize: ruta ni mali ya nani, na ikiharibika kwa radi au umeme analipa nani? Mkataba ukivunjwa kabla ya muda, kinarudishwa nini? Kasi ya kutuma ni ipi, na kasi hupunguzwa baada ya matumizi gani? Mteja anapewa neno la siri la msimamizi, au kampuni inalishikilia? Kama inalishikilia, nani anaweka matoleo mapya?

Mwekezaji mdogo anayenunua hisa za makampuni ya simu naye anaweza kutumia elimu hiyo anaposoma ripoti za mwaka. Atofautishe nyumba zilizopitiwa na waya na nyumba zilizounganishwa na zinazolipa. Nyumba ya kwanza ni gharama iliyokwisha kutumika. Ya pili ndiyo inayoleta mapato. Ruta zinazotolewa "bure" nazo ni fedha za kampuni, na zinarudi pale tu mteja anapobaki miezi mingi.

Kwa anayeuza ruta yake ya zamani, kitundu cha nyuma kibonyezwe kabla haijatoka nyumbani. Kinyume chake, mnunuzi ataondoka na jina la mtandao, neno la siri na huenda akaunti ya intaneti ya aliyemuuzia, vyote kwa bei ya mtumba.